Kenya: Shambulio la Kompyuta za Serikali na Ufunguo wa Mwananchi

Katika juma la mwisho la mwezi wa Julai, mwaka 2023, shughuli nyingi za wananchi wa Kenya zilikwama kwa pamoja. Waliotaka pasipoti na leseni za udereva hawakuweza kupeleka maombi yao, waliokusudia kukata tiketi za treni walishindwa, na wapo walionunua umeme kwa njia ya simu wasiupate. Alhamisi, tarehe 27, Serikali ya nchi hiyo ilithibitisha kwamba mtambo wake wa eCitizen, ambao ndio dirisha la huduma zake katika intaneti, ulikuwa umeshambuliwa. Wageni waliotazamia kupata viza kwa kompyuta ilibidi waahidiwe kuipata wafikapo. Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilijitangaza kuwa ndilo lililofanya kitendo hicho, na mwezi wa Oktoba, 2024, Marekani ilitangaza mashtaka dhidi ya ndugu wawili, raia wa Sudan, wanaotuhumiwa kuliendesha.

Jambo hilo lilitokea mwezi mmoja tu baada ya Rais William Ruto kuzindua huduma zaidi ya 5,000 za Serikali katika mtambo huo huo. Kwa hiyo hofu ilikuwa kubwa. Wananchi wengi waliuliza kama majina yao, namba za vitambulisho vyao na fedha zao vilikuwa vimekwisha kuangukia mikononi mwa wezi.

Hapana budi kueleza lilikuwa shambulio la namna gani. Kompyuta inayotoa huduma katika intaneti inafanana na duka lenye mlango mmoja. Wakitokea watu elfu moja wasiotaka kununua kitu, wakajazana mlangoni wakiuliza bei ya chumvi, wakaondoka na kurudi tena kuuliza bei ile ile, mnunuzi wa kweli hapati nafasi ya kupita. Biashara inasimama, lakini kufuli halikuvunjwa wala sanduku la fedha halikuguswa. Ndivyo ilivyokuwa Kenya, na Serikali ya huko ilisema kwamba hakuna taarifa zilizopotea. Kuzuia msongamano wa aina hiyo ni kazi ya wataalamu wa mitambo. Mwananchi aliyeketi nyumbani na kompyuta yake hana la kufanya isipokuwa kungoja.

Lakini upo wizi mwingine ambao hautangazwi katika habari za dunia, nao humfika mtu mmoja mmoja kila siku, Kenya, Uganda na hapa Tanzania pia. Wizi huo huingia kwa ufunguo halisi, na mara nyingi ufunguo huo ametoa mwenye nyumba.

Mfano ulio dhahiri unapatikana katika vibanda vya intaneti ambavyo ndugu zetu wa Kenya huviita saiba. Huko ndiko wanakokwenda watu wengi wasio na kompyuta wanapotaka huduma za eCitizen. Mzee kutoka shambani anafika na kitambulisho chake, na kijana wa saiba anamfungulia anwani ya barua pepe, anamchagulia neno la siri, anajaza fomu na kumpa karatasi iliyopigwa chapa. Mzee anaondoka ameridhika. Kilichobaki katika kile kibanda ni barua pepe yake, neno lake la siri na namba ya kitambulisho chake, pengine vimeandikwa katika daftari lililo wazi juu ya meza. Si haki kumlaumu mzee huyo, kwa maana huduma imehamishiwa mahali asipoweza kufika bila msaada, na vijana wengi wa saiba ni waaminifu. Hata hivyo, yafaa neno la siri alichape mwenyewe, hata kama ni herufi moja baada ya nyingine kwa kidole kimoja, na kabla ya kuondoka ahakikishe kwamba akaunti yake imefungwa katika ile kompyuta. Kuzima kioo tu hakutoshi, maana atakayewasha baadaye ataikuta akaunti ingali wazi.

Neno la siri lenyewe linahitaji kufikiriwa. Watu wengi hutumia jina la mtoto na mwaka wa kuzaliwa, kisha neno hilo hilo wakalitumia katika barua pepe, katika benki na kila mahali. Hatari yake ilionekana kwa mtandao wa LinkedIn, ambao maneno yake ya siri yaliibwa mwaka 2012, na mwaka 2016 yakaonekana yakiuzwa pamoja na anwani za barua pepe zaidi ya milioni 100. Mnunuzi wa mali hiyo ya wizi huchukua kila neno na kulijaribu katika milango mingine ya mtu yule yule. Bora neno refu, mathalan maneno manne yasiyohusiana yaliyounganishwa, kuliko fupi lenye alama za ajabu ambazo mwenyewe atazisahau. Na barua pepe ipewe neno la peke yake, kwa kuwa mtu akipoteza neno la akaunti nyingine yoyote, njia ya kuipata upya hutumwa katika barua pepe. Aliyeishika barua pepe amezishika zote.

Kwa sababu hiyo mitandao mingi sasa hudai ufunguo wa pili, yaani namba fupi inayotumwa kwenye simu ya mwenye akaunti. Wezi nao wameigundua. Mtu hupata ujumbe kutoka kwa rafiki anayemfahamu: “Samahani, nimetuma namba kwako kwa makosa, naomba unirudishie.” Kwa kweli rafiki huyo amekwisha kunyang'anywa akaunti yake, na namba sita zinazoombwa ni za kuifungua akaunti ya WhatsApp ya yule anayeombwa. Akizituma, naye anatolewa nje, na jioni ile ile ndugu zake wanaanza kuombwa fedha kwa jina lake. Namba ya namna hiyo haina mtu wa pili anayestahili kuijua, awe rafiki au anayejitambulisha kuwa ofisa wa benki. Hapa Tanzania ujumbe wa kitapeli unaweza kupelekwa kwa namba 15040 ya Mamlaka ya Mawasiliano, na kwa kupiga *106# mtu huweza kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, maana wapo waliosajiliwa laini wasizozijua.

Liko pia suala la masahihisho, ambalo wenye kompyuta wapya hulichukia kwa kuwa linakula muda na bando. Tarehe 12 Mei, 2017, programu haribifu iliyopewa jina la WannaCry ilienea katika nchi zipatazo 150. Ilizifunga faili za watu na kudai dola 300 ili zifunguliwe, na nchini Uingereza hospitali zililazimika kuahirisha matibabu. Tundu ambalo programu hiyo ilipitia lilikuwa limekwisha kuzibwa na kampuni ya Microsoft tangu tarehe 14 Machi, karibu miezi miwili kabla. Walioumia zaidi ni wale ambao hawakuwa wameyapokea masahihisho yale.

Jambo hili linatuhusu kwa namna ya pekee, kwa sababu kompyuta nyingi zinazouzwa katika miji yetu zimekwisha kutumika ng'ambo. Microsoft ilikoma kutoa masahihisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba, 2025, na kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 hazikidhi masharti ya Windows 11. Mnunuzi anayevutwa na bei nafuu hana budi kuuliza mashine hiyo inaendeshwa na programu gani na kama inaweza kupokea iliyo mpya zaidi. Muuzaji akitia ndani programu ya wizi, isiyolipiwa, mnunuzi hawezi kujua ni nini kingine kilichotiwa pamoja nayo.

Kuhusu faili zenyewe, yaani picha za familia, vyeti na hesabu za duka, dawa ni nakala. Flashi moja yatosha kuanzia. Wengi wanaofanya hivyo, hata hivyo, huiacha ikiwa imechomekwa katika kompyuta mwaka mzima, na programu za aina ya WannaCry hufunga kila kinachoonekana mbele yake, flashi ikiwa mojawapo. Baada ya kunakili, ichomolewe na kuwekwa kabatini.