Kulala hemani penye njia za motokari

Tukisikia habari za kulala hemani, twafikiri moto mdogo na kimya cha usiku. Sivyo katika vilima vya mchanga vya Algodones, huko California, Marekani, karibu na mpaka wa Mexico. Miezi ya baridi jamaa nzima hupiga hema pale, na motokari za mchangani hunguruma mchana hata usiku.

Hatari kubwa ni kilele cha kilima. Apandaye upande huu hamwoni ajaye upande wa pili, wala mtoto achezaye chini. Ndiyo sababu kila motokari imeamriwa kuchukua mlingoti mwembamba wenye bendera, futi 8 juu ya ardhi, bendera ipate kuonekana kabla ya dereva. Tena sheria ya California yasema: ukiwa ndani ya futi 50 za hema, usipite maili 15 kwa saa, yaani kilometa 24.

Futi 50 ni meta 15 tu. Tuzipime uwanjani kwa hatua, tutashangaa! Sisi tungepiga hema mbali zaidi, na motokari zetu tungezipanga upande wa njia ziwe ukuta, watoto walale nyuma yake. Naye apendaye kimya aende sehemu ya kaskazini, iliyokatazwa motokari.