Kivuli Kwenye Picha Si Lazima Kansa Imerudi



Mtoto akimaliza matibabu ya kansa, hospitali humwita tena na tena apigwe picha: eksrei, skani, ama ile ya kupakwa dawa baridi tumboni. Siku ya majibu ni siku ya hofu. Daktari akisema, "Kuna kitu tunakiangalia," wazazi wengine hukata tamaa, wakaacha kliniki. Tusifanye hivyo. Hebu tueleze.

Kwanza, nyuma ya mfupa wa kidari kuna tezi iitwayo thaimasi, inayofundisha askari wa mwili. Dawa kali za kansa huifanya inywee. Dawa zikiisha inakua tena, na pengine inapita ukubwa wake wa zamani. Kwenye skani ya kifua yaweza kuonekana kama uvimbe, kumbe ni mwili unaopona. Baadaye hupungua pole pole.

Pili, mtoto aliyetolewa figo moja kwa sababu ya kansa. Ile iliyobaki hufanya kazi ya mbili, kwa hivyo inakuwa kubwa kuliko kawaida.

Tatu, uvimbe wa Burkitt, ule wa taya na tumbo ambao Daktari Denis Burkitt aliueleza mwaka wa 1958 akifanya kazi Uganda. Dawa zikiua uvimbe, pengine hubaki kovu, kama kisiki baada ya mti kukatwa. Kisiki huangaliwa kisichipuke.

Daktari hujuaje tofauti? Hulinganisha picha mpya na zile za zamani. Pengine atasema mrudi baada ya wiki kadhaa, ama atoe kipande kidogo kipimwe. Kungoja huko ni sehemu ya kazi yake, si kupuuzwa.

Kwa hivyo tunashauri:

1. Wekeni picha zote na kadi kwa bahasha, mahali pakavu. Mkienda hospitali nyingine, zibebeni.

2. Ulizeni bila kuogopa: "Hii ni kansa, ni kovu, ama ni mwili unakua? Turudi lini?"

3. Kikundi kichangie nauli ya siku ya kurudi. Safari moja ikikosekana, daktari hana cha kulinganisha.

Lakini pia tusijidanganye. Wa kusema "hii ni kawaida" ni daktari, si jirani. Mtoto akivimba taya ama tumbo, akikonda, akikojoa damu au akipumua kwa shida, msingoje tarehe ya kadi. Mpelekeni siku hiyo hiyo.