Mchezo wa 75: Jinsi Ken Jennings Alivyoangushwa

Jumanne ya Novemba 30, 2004, Wamarekani wengi walikaa mbele ya televisheni kutazama jambo ambalo walikuwa wamekwisha kulisikia: Ken Jennings anang'oka. Kijana huyo wa miaka 30, mhandisi wa programu za kompyuta kutoka jimbo la Utah, alikuwa ameshinda michezo 74 mfululizo katika Jeopardy!, chemsha bongo maarufu ya televisheni ya Marekani, na kabla yake hakuna aliyefika hata karibu na hapo. Mchezo wake wa 75 ulirekodiwa Septemba 7 katika studio za Sony huko Culver City, California, na haukupita muda siri ikavuja. Watu walitazama vilevile. Walitaka kujua ameangushwaje.

Maelezo yaliyoenea baada ya hapo yalikuwa mafupi: bingwa alikwama kwenye swali la mwisho. Hiyo ni nusu ya ukweli, tena nusu iliyo ndogo. Anayeufuatilia mchezo ule hatua kwa hatua ataona kwamba Jennings alianza kuupoteza kabla swali la mwisho halijasomwa, na kwamba Nancy Zerg, wakala wa nyumba na viwanja kutoka California aliyemshinda, hakuokota ushindi ule njiani.

Kwanza, mchezo wenyewe unavyochezwa. Washiriki ni watatu. Mbele yao kuna ubao wenye mada sita, na chini ya kila mada kuna vidokezo vitano. Katika raundi ya kwanza vidokezo vina thamani ya dola 200 hadi 1,000. Katika raundi ya pili thamani hiyo huongezeka maradufu. Anayepata huongezewa, anayekosea hukatwa kiasi kilekile. Mtangazaji hasomi swali, husoma maelezo, na mshiriki hujibu kwa kuuliza. Akisikia "Ziwa hili ndilo lenye kina kirefu kuliko yote barani Afrika", haitoshi kusema Tanganyika, inampasa aseme, "Tanganyika ni nini?"

Mtindo huo una historia yake. Miaka ya 1950 Marekani ilitikiswa na kashfa ya vipindi vya chemsha bongo, ilipogundulika kwamba baadhi ya washiriki walikuwa wakipewa majibu mapema. Charles Van Doren, mwalimu wa chuo kikuu aliyekuwa amependwa na taifa zima kwa ushindi wake katika kipindi cha Twenty-One, alikiri mbele ya kamati ya Bunge mwaka 1959 kwamba ushindi ule ulipangwa. Baada ya hapo vituo vikawa vinaogopa vipindi vya aina hiyo. Ni Julann Griffin aliyempa mumewe, mtayarishaji Merv Griffin, wazo la kugeuza mambo: kama tatizo ni kuwapa watu majibu, basi wapewe majibu hadharani na watafute maswali. Kipindi kilianza kurushwa Machi 30, 1964, na tangu 1984 kiliendeshwa na Alex Trebek, Mkanada mwenye sauti tulivu aliyekitumikia mpaka alipofariki Novemba 2020.

Anayetazama akiwa nyumbani hufikiri kinachoshindaniwa ni maarifa peke yake. Maarifa ni lazima, lakini mara nyingi washiriki wote watatu wanalijua jibu, na hapo mkono ndio huamua. Hairuhusiwi kubonyeza kitufe kabla mtangazaji hajamaliza kusoma. Taa zilizo pembeni mwa ubao huwaka kuonyesha kwamba njia iko wazi, na anayewahi kabla ya taa hizo hufungiwa kwa robo sekunde. Robo sekunde yatosha kabisa kumpisha mwenzake. Jennings, aliyekuwa ameshika kitufe kile mchezo baada ya mchezo, alikuwa na mkono uliozoea mwendo wa sauti ya Trebek, wakati kila aliyesimama kando yake alikuwa mgeni.

Kisha kuna dau. Nyuma ya vidokezo vitatu ubaoni, kimoja katika raundi ya kwanza na viwili katika ya pili, hufichwa nafasi iitwayo Daily Double. Anayekiangukia kidokezo hicho hujibu peke yake, na kabla ya kukisoma hutaja kiasi anachokiweka rehani, hata fedha zake zote akitaka. Mwishoni kabisa huja kidokezo kimoja cha wote. Kila mmoja huandika dau lake kwa siri baada ya kuona mada tu, kisha hupewa sekunde 30 za kuandika jibu huku ukipigwa ule muziki ambao Merv Griffin aliutunga awali kumbembelezea mwanawe usingizi.

Zamani bingwa aliaga baada ya kushinda mara tano. Kikomo hicho kiliondolewa mwaka 2003, na bila uamuzi huo habari hii isingekuwepo. Tena ilibaki kidogo tu Jennings aishie mchezo wake wa kwanza kabisa, uliorushwa Juni 2, 2004. Kidokezo cha mwisho siku ile kilihusu Olimpiki ya mwaka 2000: mwanariadha wa kwanza wa kike kupata medali katika matukio matano kwenye Olimpiki moja. Jennings aliandika jina moja tu, Jones, bila la kwanza. Waamuzi walilikubali, kwa kuwa hapakuwa na Jones mwingine wa kumchanganya na Marion Jones. Wangelikataa, angemaliza wa tatu na kurudi Utah. (Miaka mitatu baadaye Marion Jones alikiri kutumia dawa za kuongeza nguvu, akanyang'anywa medali hizo.)

Kuanzia hapo Jennings alishinda kwa namna iliyowakatisha tamaa wapinzani wake. Katika michezo yake 75, ni mara kumi tu alipoingia raundi ya mwisho akiwa bado anaweza kufikiwa. Michezo mingine yote ilikuwa imekwisha mapema: alikuwa na zaidi ya maradufu ya fedha za aliyemfuata, kiasi kwamba mwenzake hata akiweka dau la kila alichonacho na akapata, asingempita.

Mchezo wa 75 ulikuwa mmoja wa hiyo kumi. Katika raundi ya pili Jennings alizipata Daily Double zote mbili, jambo ambalo kwa kawaida lilikuwa habari mbaya kwa wapinzani, kwa maana aliweka dau kubwa na alizoea kupata. Safari hii alikosea zote. Moja ilimgharimu dola 5,400 na nyingine dola 4,800, jumla dola 10,200 kwa vidokezo viwili. Raundi ilipokwisha alikuwa na dola 14,400, na Zerg alikuwa na dola 10,000 kamili. Mshiriki wa tatu alikuwa hana kitu cha kuwekea dau, kwa hiyo hakuruhusiwa kuingia raundi ya mwisho.

Hapo ndipo mchezo ulipoamuliwa, na hesabu yake haihitaji kikokotoo. Ili Zerg asimfikie, Jennings alihitaji zaidi ya dola 20,000. Kama angeweka dau la dola 1,000 tu kwenye kila Daily Double, angekosea zote mbili vilevile na bado angebaki na dola 22,600. Kama angepata mojawapo, yoyote ile, angekuwa mbali zaidi. Si haki kumlaumu kwa ujasiri huo, kwa kuwa ndio uliomfikisha kwenye dola 75,000 katika mchezo mmoja wa Julai mwaka ule. Lakini ujasiri huohuo ndio uliompa Zerg nafasi.

Naye Zerg alistahili kuitumia. Wengi waliosimama pale kabla yake walikuwa wameachwa mbali mno. Yeye alijikusanyia dola 10,000 mbele ya mtu ambaye kwa wastani alitoa majibu sahihi karibu 36 kwa mchezo, na ulipofika wakati wa kuweka dau hakubahatisha. Mada ilipotangazwa, Biashara na Viwanda, aliandika dola 4,401. Akipata, angekuwa na dola 14,401, yaani dola moja zaidi ya zile alizokuwa nazo Jennings. Maana yake ni kwamba hata Jennings asingeweka dau lolote, angeshindwa kwa dola moja. Jennings aliandika dola 5,601, ili akipata awe na dola 20,001, dola moja juu ya kikomo cha Zerg. Wote wawili walipiga hesabu sawasawa. Kilichobaki ni kujua nani angelijua jibu.

Trebek akasoma: wengi wa wafanyakazi wa ofisini 70,000 ambao kampuni hii huwaajiri kwa msimu hufanya kazi miezi minne tu kwa mwaka.

Jennings alifikiria Krismasi na msongamano wa mizigo, akaandika FedEx, kampuni ya kusafirisha vifurushi. Maneno mawili ya kidokezo yalimkataza: wafanyakazi wa ofisini. Wanaopakia na kupeleka vifurushi si watu wa ofisini. Zerg aliandika H&R Block, kampuni ya kuwajazia watu fomu za kodi, iliyoanzishwa na ndugu wawili huko Kansas City mwaka 1955. Wamarekani hutakiwa kuwasilisha fomu hizo kufikia katikati ya Aprili. Januari hadi Aprili ni miezi minne. Kidokezo hicho hakikuhitaji usomi mkubwa. Kilimfaa mtu anayejua jinsi familia za kawaida zinavyohangaika na karatasi kila mwanzo wa mwaka.

Jibu la Zerg lilifunuliwa kwanza, na lilipotangazwa kuwa sahihi ukumbi ulishusha pumzi kwa pamoja. La Jennings likafuata, na fedha zake zikashuka hadi dola 8,799. Alimkumbatia Zerg, Trebek akamwita mwanamke huyo muuaji wa jitu, na watu wakasimama kuwapigia makofi wote wawili. Jennings aliondoka na dola 2,520,700 za ushindi, pamoja na dola 2,000 za kushika nafasi ya pili siku hiyo. H&R Block ilijitolea kumshughulikia kodi bure maisha yake yote, na ofisa wake mmoja akakadiria kwamba kodi ya zawadi zile ingefika takriban dola milioni 1.04. Zerg alirudi katika kipindi kilichofuata kama bingwa, akamaliza wa tatu.

Rekodi ya ushindi 74 haijavunjwa. Aliyeikaribia zaidi ni Amy Schneider, ambaye mfululizo wake wa ushindi 40 ulikatwa Januari 26, 2022, na mtangazaji aliyekuwa zamu siku hiyo alikuwa Jennings mwenyewe. Schneider aliingia raundi ya mwisho akiwa na dola 27,600 dhidi ya 17,600 za Rhone Talsma, mkutubi kutoka Chicago: aliongoza, lakini bila kufikia maradufu. Kidokezo kilitaka nchi pekee ambayo jina lake kwa Kiingereza huishia na herufi H, tena ikiwa miongoni mwa kumi zenye watu wengi zaidi duniani. Schneider hakuandika jibu. Talsma aliandika Bangladesh, akamaliza na dola 29,600.