Alama za Kuzaliwa: Wiki ya 6 Isipite Mtoto Hajatazamwa

Watoto wengi huzaliwa na alama kwenye ngozi, au huipata wiki za mwanzo. Alama hizo hazitokani na chakula alichokula mama wala kitu alichokitazama akiwa mjamzito. Kwa watoto wa Kiafrika, baka la kibuluu juu ya makalio au kiunoni ni jambo la kawaida. Haliumi, halihitaji dawa, na kwa kawaida hufifia utotoni. Mhudumu aliandike katika kadi ya kliniki, mzazi asije akadhaniwa kuwa amempiga mtoto.

Alama isiyofaa kusubiri ni hemanjioma, yaani uvimbe wa mishipa ya damu. Huanza kama kidoa, kisha hukua haraka, hasa kati ya wiki ya 5 na ya 8. Katika ngozi nyeusi, wekundu wake huelekea zambarau na huweza kupita bila kuonwa. Nyingi hunywea zenyewe baada ya miaka. Hata hivyo, iliyo karibu na jicho huweza kudhuru uoni. Ya kidevuni huweza kuandamana na uvimbe katika njia ya hewa. Ya mdomoni au sehemu za siri huchubuka na kutoa damu. Mwaka 2008 madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, walieleza kwamba propranololi, dawa ya moyo, huunywesha uvimbe huo. Hufaa zaidi ikianzwa mapema, chini ya uangalizi wa daktari.

Kwa mzazi wa Mlandizi, Kibaha, au Maneromango, Kisarawe, nafasi iliyo karibu ni siku ya chanjo ya wiki ya 6. Mtoto avuliwe nguo, atazamwe mwili mzima. Apewe rufaa kwenda hospitali ya wilaya, Tumbi au Muhimbili akiwa na:

- hemanjioma usoni au sehemu za siri, inayokua haraka au yenye kidonda;
- hemanjioma 5 au zaidi, kwani huenda nyingine zimo kwenye ini;
- baka jekundu bapa kwenye paji la uso na kope, ambalo huweza kuandamana na kifafa au presha ya macho;
- madoa 6 au zaidi ya rangi ya kahawa, yenye upana unaozidi milimita 5;
- shimo au kishungi cha nywele katikati ya mgongo, chini;
- baka jeusi kubwa sana, au linalobadilika.

Alama isichanjwe, isichomwe wala kupakwa dawa ya kienyeji. Mtoto anayepumua kwa kukoroma, au ambaye damu yake haikatiki, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.