Pembe si urefu wa mistari

Wandugu, ukifundisha watoto wa masomo ya msingi huku Mutshatsha, usianze na raporteri. Chora pembe mbili za nyuzi 40: moja na mistari mifupi, ingine mirefu. Wengi watasema ya mistari mirefu njo kubwa. Hapana. Pembe ni kuzunguka: fungua mlango pole pole, waone.

Kisha wakunje karatasi, wakunje tena, mkunjo ulale juu yake wenyewe: kona ile ni nyuzi 90. Sasa leta raporteri. Iko na safu mbili za namba, njo maana mtoto anasoma 60 pahali pa 120. Alinganishe kwanza na kona ya karatasi: imepita ao haijafika? Bila hiyo, atabeba kosa lile mpaka ENAFEP.