Sindano, kuku na jembe: Wanawake wa Kavirondo Kaskazini (Sehemu ya Nne)

Makala yaliyopita yaliishia pale wanaume wa Marama, Butsotso na Maragoli waliposombwa kupelekwa Kariakoo, kikosi cha wapagazi wa vita vya 1914. Leo nilinuia kuingia moja kwa moja katika mashamba waliyoyaacha. Lakini tangu wasichana wa shule ya Butere waimbe wimbo wa taifa kwenye tamasha la maigizo kule Kirobon, Nakuru, Aprili 2025, kisha waondoke bila kuigiza mchezo wao “Echoes of War” ambao Mahakama Kuu ilikwisha kuagiza uruhusiwe, kila ninayekutana naye huniuliza ujasiri huo waliutoa wapi. Nami humuuliza kama aliwahi kumfundisha mtoto wake historia ya shule ile.

Ilianza 1916, mikononi mwa Jane Elizabeth Chadwick, dada yake Walter Chadwick aliyefungua misheni ya Kianglikana ya CMS ya Butere mwaka 1912. Bibi huyu hakuwa mgeni wa bara hili. Mwaka 1895, kabla reli haijaanza kujengwa Mombasa, alikuwa miongoni mwa wanawake watano wa kwanza ambao CMS iliwatuma Uganda. Walisafiri na msafara wa Askofu Tucker kutoka pwani, wakapita nyika na milima pamoja na wapagazi, wakati ambapo kwao Uingereza mwanamke hakuwa na kura ya bunge. Nampenda sana mama huyu, nakiri, na kinaya chake chanifurahisha: mwanamke asiye na mume, aliyekata nchi kavu hadi ziwani, anaongoza shule katika enzi ambapo shule za misheni zilikusudia kumfanya binti awe mke mwema wa katekista. Kushona, kufua, kupika, Biblia.

Wazazi walikuwa na hofu yao: binti akisoma, nani atamtolea ng'ombe? Mabinti nao walikuwa na hesabu zao. Kule Maragoli, ambako Deborah Rees wa Kanisa la Marafiki aliwafunza wanawake, na Kaimosi pia, wapo waliotoroka nyumbani ili wasiozwe kwa mzee wasiyemtaka. Walipewa sindano, wakachukua na kalamu. Aliyejua kusoma hakuhitaji tena kumpa kaka yake barua ya mumewe aliye kazini mbali amsomee.

Hapa lazima niingize kuku, msomaji anivumilie. Mwanamke wa Kiluhya alimfuga kuku, akamchinjisha, akamnyonyoa, akampika, akampakua, kisha akala mboga. Mayai vilevile yalikuwa mwiko kwake. Wakristo wa kwanza wanawake walipomla kuku hadharani, wazee walishangaa kuliko walivyoshangazwa na mahubiri yoyote. Kwangu mimi mlo ule una uzito kuliko sheria nyingi zilizopigiwa chapa Nairobi, na mwalimu akitaka kipindi kizima kuhusu nafasi ya mwanamke ilivyobadilika, aanzie kwenye chungu hicho. Kisha aliulize darasa lake imondo, yaani firigisi, huwekwa kwenye sahani ya nani hadi leo. Hakuna mtoto wa Khayega atakayenyamaza.

Jembe halina vichekesho. Kodi ya nyumba ilihesabu kila nyumba, na kwa kuwa kila mke alikuwa na yake, nyumba ya mke wa tatu ilikuwa deni jingine. Mume alikwenda kutafuta rupia, baadaye shilingi, kwenye mashamba ya walowezi. Mke akabaki na shamba lote, zikiwemo kazi zilizokuwa za mwanamume. Dhahabu ilipopatikana Kakamega mwaka 1931, maelfu ya wanaume wakaingia migodini, na wanaume hao walihitaji kula. Tangu hapo unga, ndizi na busaa vikawa fedha mkononi mwa mwanamke.

Kitabu cha shule humpa mwanafunzi wetu Mekatilili wa Menza na upinzani wake wa 1913, na ni haki kabisa. Ila kwa Kakamega humwonyesha Nabongo Mumia, halafu basi. Hakimwambii kwamba wanawake Wazungu wa Kenya walipewa kura mwaka 1919, huku Mwafrika, mume kwa mke, akisubiri hadi 1957, tena kwa masharti. Mtoto anayeyajua hayo hatadhani kwamba haki huja zenyewe kama mvua ya masika.

Sasa Historia ni somo la hiari katika sekondari pevu, na wazazi wanawasukuma watoto wote kwenye mkondo wa sayansi. Nafasi imeniishia, kwa hiyo nasema haraka: walimu, msingoje vitabu vipya. Wapelekeni wanafunzi Ilesi, wakawaulize akina mama wafinyanzi nani alishika pesa za vyungu enzi za nyanya zao. Waende na madaftari, wawaandike kwa majina, na maandishi hayo yakae kwenye maktaba ya shule.

Sehemu ya tano itaanzia Rosterman, kwenye kambi ya mgodi wa dhahabu, penye busaa.