MADA: Kuongeza Kasi ya Programu za Uchongaji wa Kidijitali Kwenye Skrini Zenye Pikseli Nyingi

Utangulizi

Fikiria umetumia wiki mbili kuchonga kichwa cha simba kwa programu ya Blender, kwa ajili ya kazi ya mradi. Siku chache kabla ya kuwasilisha unaunganisha kompyuta ile ile kwenye skrini ya 4K. Ghafla mambo yanabadilika: unapitisha brashi, alama inatokea baada ya sekunde nzima. Utakayemuuliza atakwambia, "Nunua kompyuta mpya." Kabla hujamwomba mzazi fedha hizo, jifunze kutambua ni mzigo upi unaoilemea kompyuta yako. Huenda dawa ni kubadili mpangilio tu.

Mizigo miwili

Programu ya uchongaji hubeba mizigo miwili kwa wakati mmoja. Usiichanganye.

(a) Mzigo wa pikseli. Huu ni wa skrini. Kila nukta ya picha ni lazima ipakwe rangi upya kila picha inapobadilika. Linganisha:

Skrini ya kawaida: 1920 × 1080 = pikseli 2,073,600
Skrini ya 4K: 3840 × 2160 = pikseli 8,294,400

Ukigawanya unapata 4 kamili. Kwa fremu 60 kwa sekunde, skrini ya 4K inadai pikseli 497,664,000 kila sekunde.

(b) Mzigo wa nyuso. Huu ni wa umbo unalochonga. Mchemraba una nyuso 6. Kila unapopanda ngazi moja ya mgawanyo, kila uso hugawanyika kuwa 4. Kwa hiyo:

Ngazi ya 5: 6 × 4⁵ = nyuso 6,144
Ngazi ya 9: 6 × 4⁹ = nyuso 1,572,864
Ngazi ya 10: 6 × 4¹⁰ = nyuso 6,291,456

Angalia ngazi ya 9 na ya 10. Umebonyeza mara moja tu, lakini umeongeza nyuso zaidi ya milioni 4.

Zingatia: Katika Blender, kuchora picha kwenye skrini ni kazi ya kadi ya michoro. ZBrush ni tofauti: huchora umbo kwa kutumia prosesa. Hivyo mtumiaji wa ZBrush anayenunua kadi ya michoro ya bei kubwa asitarajie nafuu kubwa. Kwake, kupunguza ukubwa wa turubai ya kuchorea husaidia zaidi.

Jaribio la kutambua mzigo

1. Fungua kazi yako, kisha lizungushe umbo bila kuchonga. Angalia kama linakwama.
2. Punguza dirisha la programu hadi lichukue robo ya skrini.
3. Lizungushe tena.

Likizunguka vizuri zaidi, tatizo kubwa ni pikseli. Likiendelea kukwama vilevile, tatizo ni nyuso. Likipata nafuu kidogo tu, mizigo yote miwili inahusika.

Hatua za kuchukua: tatizo likiwa pikseli

1. Punguza idadi ya pikseli katika mipangilio ya skrini, kutoka 3840 × 2160 hadi 1920 × 1080. Ukali wa picha utapungua, lakini umbo halitavutwa, kwa sababu uwiano wa pande ni ule ule.
2. Zima mapambo ya picha wakati wa kuchonga: vivuli, mng'ao na ulainishaji wa kingo. Utayarudisha kazi ikikamilika.
3. Kama kompyuta yako ina kadi mbili za michoro, iagize programu itumie ile yenye nguvu. Kompyuta mpakato ichomeke kwenye umeme, kwani nyingi hupunguza kasi zikitumia betri.
4. Kagua kebo. HDMI 1.4 hupitisha picha ya 4K kwa fremu 30 tu kwa sekunde. Ili upate 60, kebo, kompyuta na skrini vyote viwe na uwezo wa HDMI 2.0 au zaidi.

Hatua za kuchukua: tatizo likiwa nyuso

1. Hifadhi nakala ya kazi kwanza. Kompyuta iliyolemewa inaweza kuzima programu ghafla, na wiki mbili zako zikapotea.
2. Shuka ngazi. Fuata desturi ya mchonga vinyago: huanza na umbo kubwa, akamalizia na mikunjo ya ngozi. Nawe chonga kichwa na taya katika ngazi za chini. Nywele na mikunjo ziache hadi mwisho.
3. Ficha sehemu usizozichonga kwa wakati huo.
4. Tumia mwonekano mmoja. Ukigawa dirisha mara nne, umbo lile lile huchorwa mara nne.
5. Kwa vitu vilivyokamilika, punguza nyuso, lakini fanya hivyo kwenye nakala.

Kosa la kawaida

Wanafunzi wengi hupandisha ukubwa wa maandishi na vitufe hadi asilimia 200, wakidhani wamepunguza pikseli. Sivyo. Katika Blender, mpangilio huo hukuza maandishi na vitufe tu. Pikseli za kupakwa rangi zinabaki 8,294,400.

Mfano wa swali na jibu

Swali: Mwanafunzi alipunguza dirisha la programu hadi robo ya skrini, lakini umbo lake la nyuso 6,291,456 liliendelea kukwama vilevile. Mshauri. (Alama 3)

Jibu: Tatizo ni nyuso, si pikseli, kwa kuwa kupunguza dirisha hakukuleta nafuu (alama 1). Ashuke ngazi moja ili abaki na nyuso 1,572,864 (alama 1). Afiche sehemu asizozichonga (alama 1).

Maswali ya kujipima

1. Skrini ya 2560 × 1440 ina pikseli ngapi? Ni mara ngapi ya zile za 1920 × 1080?
2. Umbo lililoanza na mchemraba lina nyuso 98,304. Lipo katika ngazi ya ngapi?
3. Eleza kwa nini kununua skrini ya 4K kunaweza kupunguza kasi ya kompyuta ambayo haijaharibika.

Majibu: 1. Pikseli 3,686,400, takriban mara 1.78. 2. Ngazi ya 7. 3. Rejea sehemu ya mzigo wa pikseli, kisha eleza kwa maneno yako mwenyewe.